Tani Nne ni za Hapa Chini

Siku niliyoambiwa nikachague mashine nilidhani nimepandishwa cheo. Nilikuwa na miaka 26, mhandisi wa saiti kwa mwaka wa pili, na kazi yangu hadi hapo ilikuwa kuhesabu nondo, kugombana na madereva wa mchanga na kupokea simu za bosi. Tulikuwa tunajenga hosteli ya wanafunzi Dodoma, ghorofa nne, katika ile miaka ambayo serikali ilishahamia na kila mwenye kiwanja alikuwa anajenga. Bosi mwenyewe alikaa Dar. Asubuhi moja akapiga: "Injinia, hao akina mama wa tofali watatuchelewesha. Shuka Dar kesho, nenda yadi, kakodi ile foklifti ya mkono. Chukua ndefu kuliko zote tumalize mjadala."

Jina lake la kiwandani ni telehandla. Kama hujawahi kuiona, chukua foklifti ya ghalani, ipe magurudumu makubwa ya trekta, kisha uondoe ule mlingoti wa mbele na mahali pake uweke mkono mmoja mrefu unaojificha ndani yake wenyewe, kama eriali ya redio za zamani. Mkono unaanzia nyuma, unapita kando ya dereva na kutokeza mbele. Unapanda, unarefuka, unafika mbele na juu kwa wakati mmoja. Pale saiti hakuna aliyehangaika na jina la kiwandani. Kijana mmoja wa zege aliiita twiga siku ya kwanza, ikawa twiga hadi mwisho, na lugha ikavurugika kidogo kwa sababu mifuko ya saruji nayo ilikuwa Twiga. "Twiga apandishe Twiga ghorofa ya kwanza" ilikuwa sentensi kamili na kila mtu aliielewa.

Pale yadi palikuwa na mashine mbili zilizofaa. Moja ilikuwa ya mita 14, nyingine ya mita 17, zote zimeandikwa ubavuni kuwa ni za tani nne. Kijana wa yadi aliniuliza jengo lina urefu gani. Nikamwambia slabu ya paa ni kama mita 13. "Basi hii ya kumi na saba itakufaa, una akiba," akasema. Neno akiba lilinipendeza. Nilipiga picha ile namba ya ubavuni, nikamtumia bosi, bosi akajibu kwa dole gumba. Uchaguzi wote ulichukua dakika kumi na tano, na sehemu kubwa ya muda huo tulikuwa tunabishana bei.

Mashine ilisafiri juu ya lobedi, kilomita kama 450 hadi Dodoma, pamoja na opareta wake, mzee mmoja mwembamba aliyevaa kofia ya Kiislamu chini ya helmeti. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha badala ya kwenda kushusha mashine akaanza kutembea. Alizunguka jengo zima taratibu, akikanyaga udongo kwa kisigino kama mtu anayechagua kiwanja. Aliporudi akaniuliza, "Itasimama wapi?"

"Popote tu mzee, kutegemea kazi ya siku hiyo."

Akacheka. Hakunicheka kwa ubaya, lakini alicheka.

Saiti yenyewe ilikuwa hivi. Mbele kulikuwa na barabara na nyaya za umeme. Nyuma kulikuwa na shimo la maji taka lililokuwa bado wazi. Kushoto na kulia, msingi ulikuwa umefukiwa kwa udongo ule ule uliochimbwa, umerudishwa kwa koleo na kusawazishwa kwa macho. Mashine yenyewe ilikuwa na zaidi ya tani 12 kabla haijabeba hata tofali moja. Mahali pekee palipoweza kuibeba kwa uhakika palikuwa kwenye kifusi cha njia ya lori, karibu na geti, na kutoka hapo hadi ukutani kulikuwa na mita saba. Mzee akaisimamisha hapo, akashusha ile miguu miwili ya mbele inayokamata ardhi, akaweka mbao nene chini ya kila mguu. Nami nikaona kazi imeanza.

Wakina mama walikuwa kumi na wanne. Walibeba matofali kichwani, mawili mawili, wakipanda ngazi ya mirunda na kushuka, kutwa nzima. Tofali letu la inchi sita lilikuwa na kilo 27, nililipima mwenyewe. Mmoja wao, mama mkubwa kidogo kuliko wenzake, alikuja akaiangalia mashine ikishushwa kutoka kwenye lobedi, akaniuliza, "Injinia, huyu twiga anakula shilingi ngapi kwa siku?" Sikumjibu. Nilikuwa nimeshapiga hesabu kwenye basi: kodi yake ya siku moja ingewalipa wote kumi na wanne kwa wiki nzima.

Kitu cha kwanza tulichogundua ni kwamba twiga hawezi kula matofali yetu. Mashine hizi zimezaliwa kwa watu wanaouziwa matofali yamepangwa kwenye paleti, yamefungwa, unaingiza uma na kuondoka. Kwetu tofali linakuja na Fuso, limepangwa na vijana, linashushwa na vijana, moja baada ya jingine. Ikabidi fundi seremala atengeneze paleti za mbao za boksi, na wale wakina mama nane wakawa wanapanga matofali juu yake. Sita waliambiwa wasije kesho yake. Mimi ndiye niliyesoma majina. Mzee aliweka sheria yake: matofali 40 kwa paleti, basi. Fomani hakuipenda sheria hiyo.

Wiki mbili zilikwenda vizuri. Ghorofa ya kwanza ilipanda haraka kuliko nilivyowahi kuona.

Wiki ya tatu, Jumanne, tukaanza kupeleka matofali kwenye sakafu ya ghorofa ya pili, mita sita na nusu kutoka chini. Fomani alikuwa amewapangisha wakina mama matofali 60 kwa paleti ili safari zipungue. Mzee alipanda, akaingiza uma, akanyanyua kama shubiri moja, akashusha. Akazima injini.

"Injinia, punguza ishirini."

Fomani akajibu kabla yangu. "Mashine ya tani nne inaogopa tani moja na nusu?"

Nikapiga hesabu kichwani: 60 mara 27 ni 1,620, ongeza paleti, haifiki 1,700. Nikaangalia ile namba ubavuni. Nikasema, na ninaikumbuka sauti yangu kwa sababu ilikuwa ya mtu anayejiamini: "Mzee, kwa hesabu yangu bado tuna zaidi ya tani mbili za akiba."

"Tani nne ni za hapa chini, binti yangu," akasema. "Mkono ukiwa tumboni."

Akashuka, akaenda kukaa kivulini. Fomani akamwita tandiboi wake, kijana aliyekuwa ameshafundishwa kuendesha kidogo kidogo jioni. Mimi sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia. Niliangalia saa, nikaangalia juu ambako mafundi walikuwa wamesimama na myiko mikononi wakisubiri, na nikanyamaza. Watu wakiniuliza leo ni nani aliyetoa amri siku ile, najua jibu.

Kijana alinyanyua vizuri. Akapandisha mkono, halafu akaanza kuurefusha kuelekea jengoni. Ndani ya kebini kuna taa zinazoonyesha mashine imebaki na uzani kiasi gani: kijani, njano, nyekundu, na ikifika nyekundu kengele hulia. Zilipita zote tatu. Kengele haikulia. Baadaye tulikuta waya wake umekatwa zamani, saiti nyingine huko, na mtu ambaye kelele zilimchosha.

Nyuma ya mashine ikanyanyuka. Hakukuwa na kishindo. Iliinuka polepole, kama mtu anayeinuka kwenye kiti ili ampishe mgeni. Niliona mwanga chini ya gurudumu, kwanza wa ngumi moja, halafu wa kiatu.

Kijana akafanya ambacho mimi na wewe tungefanya: akataka kushusha mzigo. Mzee alikuwa ameshafika mbio kutoka kivulini, anapiga kelele kwa sauti ambayo hakuwa nayo, "Usishushe! Vuta! Vuta ndani!" Mkono ukiwa umenyooka kwa mshazari, ukiushusha unakwenda chini na mbele pia. Mzigo unazidi kuwa mbali, na mashine inamalizia kulala. Dawa yake ni kuurudisha mkono ndani kwanza. Kijana akasikia, akavuta. Magurudumu ya nyuma yakarudi chini kwa mshtuko, mashine ikatikisika yote, na matofali kama kumi na mbili yakaruka kutoka kwenye paleti.

Yaliangukia pale ukutani ambapo wakina mama huweka ndoo zao, khanga na chupa za chai. Kila siku saa nne hukaa hapo. Ilikuwa saa nne kasoro. Wote nane walikuwa upande wa pili wa jengo wakikusanya mchanga, kwa sababu dakika chache kabla fomani aliwatuma huko. Nilimuuliza baadaye kwa nini aliwatuma. Hakuwa na sababu, eti aliona wamesimama tu.

Hakuna aliyesema kitu. Yule mama mkubwa akaenda hadi pale, akasukuma tofali kwa mguu, akatoa ndoo yake. Ilikuwa ndoo ya rangi ya lita ishirini, imebanwa ikawa bapa. Akaishika kwa mpini uliobaki, akauliza, "Hii nani analipa?"

Nililipa mimi, siku hiyo hiyo.

Jioni mzee alinipandisha kebini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa humo, jambo ambalo leo naona aibu kuliandika, maana niliikodi mimi. Pembeni ya kiti palibandikwa mchoro, umefifia kwa jua. Unafanana na kipande cha tikiti kilichosimamishwa: mistari ya duara ya mkono, upande mmoja mita za kwenda juu, chini mita za kwenda mbele ukianzia kwenye magurudumu ya mbele, na ndani yake maeneo yenye namba za uzito. Tani nne ilikuwepo, kweli. Ilikuwa kona ndogo chini kabisa, karibu na magurudumu. Akaniambia nitafute mahali pa asubuhi. Mita saba hadi ukutani, ongeza mbili za kuingiza paleti ndani, hizo ni tisa. Juu, sita na nusu. Nikafuata kwa kidole, nikakuta kilo 1,250. Hiyo ni miguu ikiwa chini, ardhi ikiwa imenyooka, tairi zikiwa na upepo sahihi. Kulikuwa na mchoro wa pili wa miguu ikiwa juu. Mahali petu kwenye mchoro huo hapakuwa na namba kabisa.

Kisha akanipa ndoo ya maji. "Ishike karibu na kifua." Nikaishika. "Sasa nyoosha mkono." Nilisoma haya chuo, nikafaulu mtihani wake, na bado nilihitaji ndoo.

Usiku huo nilikaa na simu nikisoma habari za mashine hizi, nadhani nilikuwa natafuta mtu wa kulaumu. Nikajua kwamba mwaka 1958 huko Ancenis, Ufaransa, Marcel Braud aligeuza trekta mbele kuwa nyuma, akaifunga mlingoti wa kunyanyulia, ikawa ndiyo Manitou ya kwanza. Na kwamba JCB ya Uingereza ilitoa Loadall yake ya kwanza mwaka 1977. Hakuna mahali ambapo wenyewe waliandika kwamba namba ya ubavuni inatosha. Wote wameweka mchoro. Mimi ndiye niliyeikodi mashine bila kuusoma.

Bosi alisema hakuna aliyekufa, tuendelee. Nikamwandikia barua, barua kabisa yenye tarehe, nikaitaja Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, nikaambatanisha picha ya waya uliokatwa. Hiyo picha ilifanya kazi kuliko sheria. Akakubali tubadilishe mashine, mradi bei isipande.

Safari ya pili nilikwenda yadi na ramani ya saiti imekunjwa mfukoni na futi kamba. Kijana yule yule akaanza na urefu wa jengo, nikamwambia tusubiri kwanza na urefu. Niliomba chati za mashine zote tatu zilizokuwepo, kabla ya bei. Ilibidi aende kuzitafuta. Tulizitandaza juu ya boneti ya gari nikaziwekea alama kwa kalamu: mzigo wangu mzito kuliko yote ni upi, unakwenda mbali kiasi gani, juu kiasi gani, na mashine itakuwa imesimama wapi. Swali la mwisho ndilo lililobadilisha mengine yote. Ile ya mita 17 ilikuwa nzito na pana, haikuweza kulizunguka jengo, kwa hiyo ililazimika kukaa mbali, na kule mbali ndiko urefu wake ulikokula nguvu zake. Ile ya mita 14 ilikuwa fupi na nyepesi kidogo. Ukiibadilisha usukani, magurudumu yote manne yanageukia upande mmoja na mashine inakwenda ubavu kama kaa. Nilipima: ikipata njia ya mita nne kando ya jengo, ingeweza kusimama karibu kabisa na jukwaa la mafundi.

Kulikuwa na mashine ya tatu, mpya zaidi, rangi bado inang'aa, na bei yake ilikuwa nafuu. Nikauliza, ikipasuka hosi ya haidroliki Dodoma, inachukua siku ngapi kupata nyingine? Kijana akasema wanaagiza nje. Nikaiacha. Niliuliza na chujio la hewa, kwa sababu anayeujua upepo wa Dodoma wa kiangazi anajua vumbi lake linaingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Bosi alikuwa ananitumia ujumbe kwamba tukiwa nayo tuwapandishe mafundi rangi juu ya paleti, tuokoe jukwaa. Kubeba watu kuna kikapu chake na chati yake, nikamjibu, na hatuna vyote viwili. Mwisho nikaomba mashine iwashwe, nisikie kengele inalia. Kijana wa yadi aliniangalia kama mtu aliyeomba kusikia adhana dukani. Ililia.

Mzee tulimwomba arudi, akarudi. Safari hii tulizunguka saiti pamoja. Kabla mashine haijashuka kwenye lobedi tulifukua ule udongo uliofukiwa kwa macho, tukarudisha kifusi tabaka kwa tabaka, kila tabaka likishindiliwa kwa kompakta na maji, hadi kisigino cha mzee kikaridhika. Siku mbili zilikwenda hapo. Bosi alilalamika kwamba amekodi mashine ya kunyanyua na sisi tunamwaga kifusi. Lakini twiga mpya alisimama mita mbili na nusu kutoka ukutani, na pale pale ambapo mkubwa wake alishindwa na paleti moja, yeye chati ilimruhusu zaidi ya tani mbili. Tulipakia matofali 50. Fomani alitaka sabini, akaniangalia, akaacha mwenyewe.

Sitaki mtu adhani nilipatia kila kitu. Mita 14 haikutosha kwa paa. Slabu ya juu iliifikia kwa shida, lakini mbao za kenchi na mabati hayakupita juu ya ukuta wa pembeni. Tuliyavuta kwa winchi na kamba, wiki mbili nzima, vijana wakiimba na mikono ikichubuka. Bosi alinikumbusha kila siku kwamba ile ndefu ingefanya kazi hiyo kwa asubuhi mbili. Ni kweli, ingefanya. Kenchi ni nyepesi, na kwa mzigo ule chati yake ingeruhusu hata kutoka getini. Ningekuwa mjanja zaidi ningeikodi kwa siku hizo mbili tu, mwisho kabisa. Sikulifikiria.

Na wale wakina mama sita sikuwarudisha. Nane waliendelea kupanga paleti hadi kuta zilipokwisha. Yule mwenye ndoo alikuwa miongoni mwa nane, na ndoo niliyomnunulia hakuiweka tena ukutani; aliining'iniza kwenye msumari wa choo cha saiti, mbali, na wenzake wakamfuata.

Mwaka jana bosi alinipigia. Amepata kazi nyingine, ghorofa sita, na anataka nianze kutafuta mashine. "Safari hii hatubishani," akasema, "tunachukua ndefu."

Nikamuuliza itasimama wapi.

Akanyamaza kidogo. Nilisikia karatasi zikifunuliwa. Halafu akasema ngoja, atanitumia ramani ya kiwanja.